James Brine wa Tolpuddle: jinsi kibarua wa shambani anavyopotea kati ya sensa mbili

Tuseme ukoo wenu uko Ontario, Kanada, na katika nasaba yenu yupo mkulima aitwaye James Brine na mkewe Elizabeth. Mnajua walitoka Uingereza. Mnajua pia kwamba baadhi ya watoto wao walizaliwa Essex, mashariki mwa nchi hiyo, kabla ya safari. Swali ni hili: James Brine mwenyewe alizaliwa wapi, na utalithibitishaje jibu kwa karatasi?

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu jibu lake linajulikana tayari na ni sehemu ya historia ya wazi. James Brine alikuwa mmoja wa wale vibarua sita wa Tolpuddle, kijiji cha Dorset, waliohukumiwa mwaka 1834 kwa kiapo cha siri walichokula walipounda chama chao cha wafanyakazi. Kwa kuwa mwisho wa njia tunaujua, tunaweza kuipita upya taratibu na kuona ni nyaraka zipi zinamfikisha mtafutaji na zipi zinamwacha katikati ya shamba. Wako wasomaji wengi wa Kiswahili, hasa walioko Uingereza na Kanada, wenye babu au wakwe waliotokea vijiji kama hivyo, na shida watakazokutana nazo ni hizihizi.

Kwanza habari yenyewe kwa ufupi, maana bila hiyo nyaraka hazisomeki. Vibarua wa Tolpuddle walikuwa wakilipwa shilingi 9 kwa wiki. Malipo yakashushwa hadi 8, kisha 7, na wakatishiwa 6. Mwaka 1833 wakaunda chama cha kusaidiana, na wanachama wakala kiapo. Februari 1834 walikamatwa watu sita: George Loveless, mdogo wake James Loveless, shemeji yao Thomas Standfield, mtoto wa Thomas aitwaye John, James Hammett, na James Brine. Machi mwaka huohuo mahakama ya Dorchester iliwapa kifungo cha miaka 7 cha kupelekwa makoloni ya Australia, kwa sheria ya mwaka 1797 iliyokataza viapo vya siri. George alipelekwa Tasmania, wakati huo ikiitwa Van Diemen's Land. Wenzake walipelekwa New South Wales. Watu waliandamana London, malalamiko yakafika bungeni, na mwaka 1836 wakasamehewa. Walirudi kwa mafungu kati ya 1837 na 1839. Waliowaunga mkono walichanga fedha wakawakodishia mashamba Essex, katika parokia za Greensted na High Laver. Miaka michache baadaye watano walihamia Kanada na familia zao. Hammett peke yake ndiye aliyerudi kuishi Tolpuddle.

Inasimuliwa kwamba wale watano hawakupenda kuyazungumza yaliyowapata, na watoto wao walikua bila kujua. Mtafutaji wa leo aanze kama watoto hao: ajue Essex, asijue Dorset wala Australia.

Upande wa Kanada hautoi mengi. Sensa iliyofanyika huko Januari 1852 iliuliza mahali pa kuzaliwa na dini, lakini kwa aliyetoka ng'ambo iliridhika na jina la nchi. Mtu wa Dorset na mtu wa Essex wote wanasomeka Uingereza. Dini ndiyo yenye faida. Ndugu wawili wa Loveless walikuwa wahubiri wa Kimethodisti, na familia yenye asili hiyo ilipoandikwa Methodisti wa Kiwesley, mtafutaji anapata alama ya kuibeba mkononi huku akivuka bahari kurudi Uingereza.

Sasa vyeti vya kuzaliwa. Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Uingereza na Wales tarehe 1 Julai 1837. James Brine, aliyezaliwa mnamo 1813, hana cheti, na hakuna atakayekipata hata akitafuta mwaka mzima. Mtu mzima wa zama hizo hutafutwa kupitia watoto wake. Cheti cha mtoto aliyezaliwa Essex mwanzoni mwa miaka ya 1840 kina tarehe na mahali, jina la mtoto, jina na kazi ya baba, jina la mama pamoja na jina lake la ukoo kabla ya ndoa, na jina na makazi ya aliyekwenda kutoa taarifa. Jina la ukoo la mama ndilo dhahabu ya karatasi hii. Faharasa za zamani zilizochapwa hazikulionyesha hadi mwaka 1911, na kwa miongo mingi watafutaji walilazimika kununua vyeti kwa kubahatisha. Faharasa mpya ya mtandaoni ya Ofisi Kuu ya Usajili inalionyesha tangu 1837. Ukishalijua jina hilo, ambalo kwa kisa chetu ni Standfield, unaandika Brine kwa mtoto, Standfield kwa mama, wilaya ya usajili Ongar, na kundi zima la watoto linaweza kujitokeza kabla hujalipia hata cheti kimoja.

Neno wilaya hapa lieleweke vizuri. Greensted na High Laver hazikuwa na ofisi zao. Zilikuwa ndani ya wilaya ya usajili ya Ongar. Tolpuddle nayo iliandikwa chini ya Dorchester. Anayetafuta jina la kijiji kwenye faharasa haoni kitu, anadhani mtoto hakusajiliwa. Faharasa pia imepangwa kwa robo za mwaka, na inafuata siku ya kusajili, si siku ya kuzaliwa. Wazazi walikuwa na siku 42 za kusajili, kwa hiyo mtoto wa mwisho wa Machi anaweza kukaa katika robo ya Juni. Na wako ambao hawakusajiliwa kabisa: ni kuanzia mwaka 1875 ndipo mzigo wa kutoa taarifa ulipowekwa wazi juu ya wazazi na adhabu ikawa na meno. Mtoto asipoonekana miaka ya mwanzo, ubatizo wake kanisani unaweza kuwa ndiyo kumbukumbu pekee.

Tukishapata kwamba mama alikuwa Standfield, tunaitafuta ndoa. Ipo: James Brine alimwoa Elizabeth, binti wa Thomas Standfield, mwaka 1839 katika kanisa la Mtakatifu Andrea la Greensted, lile lenye kuta za magogo ya mwaloni yenye umri wa karibu miaka elfu. Ndoa za baada ya Julai 1837, ziwe za kanisani au za ofisini, zina nafasi ya majina ya baba wa pande zote mbili na kazi zao. Hapa utafutaji unabadilika. Hadi sasa tulikuwa na mtu mmoja mwenye jina la kawaida; sasa tuna watu wa familia mbili, na mmoja wao ana jina lisilo la kila mtu. Standfield ni nadra kuliko Brine. Nashauri kwa moyo wote kwamba ukifika hapa umwache James kwa muda, ukamfuate mkwewe.

Sensa ya usiku wa tarehe 6 Juni 1841 ndiyo pekee ya Uingereza inayoweza kuwakuta wakiwa pamoja Essex. Walihama kabla ya ile ya tarehe 30 Machi 1851. Na bahati mbaya, ya 1841 ndiyo iliyo na machache zaidi kati ya zote zinazowataja watu kwa majina. Haionyeshi nani ni mke, mtoto, mjomba au mtumishi wa nani; inaorodhesha tu majina ndani ya nyumba, na mistari midogo ya mshazari hutenga kaya na kaya, nyumba na nyumba. Haiulizi kijiji cha kuzaliwa. Inauliza tu kama mtu alizaliwa katika kaunti hiyohiyo, na jibu ni herufi moja, ya ndiyo au ya hapana. Waliozaliwa Scotland, Ireland au nchi za nje wana herufi zao. Mtu wa Dorset anayelima Essex anastahili kuandikiwa hapana. Hapana hiyo inaweza kumaanisha kaunti yoyote iliyobaki ya Uingereza na Wales.

Kuna na suala la umri, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu limewapoteza watu wengi mno. Makarani wa 1841 waliagizwa kwamba umri wa mtu aliyezidi miaka 15 ushushwe hadi tano iliyo chini yake. Sasa wachukue watu wetu sita. Katika kumbukumbu za kesi ya 1834, umri wao unatajwa hivi: George Loveless 37, James Loveless 25, Thomas Standfield 44, John Standfield 21, Hammett 22, Brine 20. Ongeza miaka saba. Kwa kanuni ya karani, George wa miaka 44 anakuwa 40, mdogo wake 30, na Thomas wa 51 anakuwa 50. John wa 28, Hammett wa 29 na Brine wa 27 wote wanakuwa 25. Vijana watatu walioachana kwa umri wanaonekana kama waliozaliwa mwaka mmoja. Mtafutaji akichukua 25 kama ilivyo, atakwenda kufungua daftari la ubatizo la 1816 na kukosa, kwa sababu Brine alizaliwa karibu miaka mitatu kabla. Umri wa 25 katika sensa hiyo usomeke kama 25 hadi 29, yaani mtu aliyezaliwa kati ya Juni 1811 na Juni 1816. Wako makarani walioandika umri kamili, kwa hiyo tazama ukurasa mzima: ukiona watu wazima wa 33 na 47, ujue karani huyo hakushusha.

Majina nayo. Kati ya vibarua sita, watatu ni James. Mke wa George Loveless aliitwa Elizabeth, na mke wa Brine pia. Ndivyo vijiji vya Kiingereza vilivyokuwa: majina machache ya ubatizo yakizunguka ukoo hadi ukoo, mtoto akirithi la babu, na ndugu waliokufa wachanga wakiacha majina yao kwa wadogo zao. Tahajia za koo hazikuwa zimetulia pia. Wengi wa vibarua hawakuandika majina yao wenyewe. Karani au kasisi aliandika alichosikia. Loveless itafutwe pia kama Lovelace, Standfield kama Stanfield, Hammett kwa t moja. Dada wa akina Loveless, mke wa Thomas Standfield, anaitwa Dinniah. Anayesisitiza Diana hatamwona.

Huyo Dinniah ndiye anayelifungua fundo, na ndiyo sababu napenda kisa hiki. Bila yeye tuna wapangaji wa mashamba katika parokia mbili za Essex, wenye koo tofauti, ambao wote si wenyeji wa kaunti. Ukijua kwamba mama yake Elizabeth ni Loveless kwa kuzaliwa, kundi linashikana: Thomas Standfield ni shemeji wa George na James Loveless, John ni mpwa wao, na James Brine amemwoa mpwa wao. Hawakuwa majirani kwa bahati. Mtu mmoja asiyejulikana alikozaliwa ni kitendawili kigumu, lakini watu wa koo tatu waliooana na kuhama pamoja lazima waache alama mahali fulani pa awali, na mahali hapo pawe parokia ambayo daftari lake lina majina yote matatu. Hapo ndipo unapoacha kuuliza ni wapi palikuwa na James Brine, maana jina hilo litatokea pengi, ukauliza ni wapi Brine, Standfield na Loveless walibatizwa katika kanisa moja ndani ya kizazi kimoja. Faharasa za bure za ubatizo, kama zile za tovuti ya FamilySearch, zinakuwezesha kutafuta koo moja baada ya nyingine katika kaunti nzima. Dorset inajitokeza, na ndani ya Dorset, Tolpuddle na vijiji vinavyoizunguka.

Madaftari yenyewe ya parokia za Dorset yamehifadhiwa Dorchester, katika kituo cha historia cha kaunti. Ya Essex yako Chelmsford. Uandikaji wa ubatizo makanisani uliamriwa mwaka 1538, lakini kinachoandikwa kinategemea mwaka. Kuanzia tarehe 1 Januari 1813 makanisa yalipewa madaftari yaliyochapwa yenye nafasi za majina ya wazazi wote wawili, makazi yao na kazi ya baba. George Loveless, wa 1797, na Hammett, wa 1811, wapo kabla ya mpaka huo, hivyo kasisi wao aliandika kwa desturi yake. Brine yupo mpakani hasa. Akibatizwa baada ya Mwaka Mpya wa 1813, ingizo lake linapaswa kutaja kazi ya baba, na kazi hiyo ndiyo ya kulinganisha na ile iliyoandikwa kwenye ndoa ya Greensted. Nakala za madaftari zilipelekwa pia kwa askofu, nazo husaidia pale daftari la asili lilipoliwa na unyevu.

Je, Umethodisti unamaanisha kwamba hawamo katika madaftari ya kanisa la parokia, yaani la Kianglikana? La. Wamethodisti wengi wa vijijini mwishoni mwa karne ya 18 waliendelea kubatiza watoto parokiani, na ndoa, kuanzia 1754 hadi 1837, ilipaswa kufungwa humo isipokuwa kwa Waquaker na Wayahudi. Madaftari ya makanisa huru, yasiyo ya Kianglikana, yaliyokusanywa na serikali baada ya 1837 yako katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iliyoko Kew, na ni vizuri kuyapitia, ila si ya kuanzia.

Kuna njia nyingine ya kufika Tolpuddle ambayo mtafutaji wetu asingeifikiria kwa sababu ya ule ukimya wa wazee. Maofisa wa New South Wales waliandika wafungwa kwa makini kuliko kasisi yeyote: umri, kazi, kama anajua kusoma, mahali alikozaliwa, mahali na tarehe ya hukumu, urefu, rangi ya macho, makovu. Kibarua maskini ambaye kijijini kwake alipata mstari mmoja wa wino wa ubatizo, alipofungwa alipata maelezo ya mwili mzima. Familia nyingi huogopa kugusa kumbukumbu za wafungwa, na nadhani hofu hiyo inawanyima karatasi bora kuliko zote. Ukiona pengo la miaka minne au mitano ambalo ndoa na vyeti haviwezi kuliziba, tafuta huko.

Tumweke sasa James Hammett kando ya Brine. Alirudi kuishi Tolpuddle, akafanya kazi ya kibarua wa ujenzi, na sensa baada ya sensa inaweza kumkuta nyumbani. Kuanzia 1851 fomu zinaonyesha uhusiano na mkuu wa kaya, hali ya ndoa, umri kamili na parokia ya kuzaliwa. Kwa mtu kama yeye, ukurasa mmoja wa 1851 unafanya kazi ambayo kwa Brine ilihitaji cheti cha mtoto, ndoa, mkwe na mama mkwe. Uzeeni aliingia katika nyumba ya maskini ya Dorchester, akafia humo tarehe 21 Novemba 1891. Kifo chake kwa hiyo ni cha robo ya Desemba, wilaya ya Dorchester. Anayetafuta wazee wa vijijini asisahau nyumba hizo: katika sensa zina kurasa zao mwishoni mwa eneo au katika daftari la pekee, mbali na kijiji, na wakati mwingine waliomo wameandikwa kwa herufi za mwanzo tu. Cheti cha kifo cha Uingereza cha zama hizo, ujue mapema, hakitaji wazazi wa mtu mzima. Hakimpeleki mtafutaji nyuma hata kizazi kimoja, ila umri uliomo husaidia kuchagua ubatizo sahihi.

Kurudi kwa Brine, imebaki kazi ambayo wengi huiruka. Umempata mtoto James Brine katika daftari la Dorset, mwaka unakubaliana na tarakimu za 1834 na zile za 1841, na jina la baba linalingana na la ndoa ya Greensted. Hapo bado una dhana tu, ingawa nzuri. Pitia maziko ya parokia hiyo kwa miaka inayofuata uhakikishe mtoto huyo hakufa mchanga, maana James mwingine anaweza kuwa amezaliwa baadaye na kupewa jina lake. Tafuta kama kuna ndoa ya James Brine wa umri huo Dorset katika miaka ya 1830. Kisha fungua sensa ya 1851 ya Dorset nzima, sensa ambayo mtu wako hapaswi kuwamo kwa sababu amekwisha kuvuka Atlantiki, utafute kila James Brine wa miaka 36 hadi 39. Fomu ya mwaka huo inataja parokia ya kuzaliwa, kwa hiyo kila mmoja anaweza kurudishwa kwenye ubatizo wake. Wakishagawiwa wote ubatizo wao, na ule wa kwako ukabaki bila mwenyewe, uandike kwenye nasaba pamoja na hatua zote zilizokufikisha hapo, ili binamu atakayeupinga aweze kuzifuata mwenyewe.